Bunduki Yenye Mifuo Mdomoni

Mwindaji wa zamani aliyeingia porini na bunduki moja tu hakukosa mashaka. Akichukua bunduki ya marisau aliweza kupata kwale na kanga wa kitoweo, lakini nyati akimtokea kichakani, marisau yale ni sawa na kumtupia mchanga. Akichukua bunduki ya risasi moja aliweza kumkabili nyati, ila ndege wote wangempita juu ya kichwa. Mwenye mali alimpa mchukuzi bunduki ya pili. Shauri hilo ni jema maadamu mchukuzi yu karibu. Lakini mnyama mkali akija mbio, mchukuzi ndiye wa kwanza kupanda mti, tena na bunduki begani. Wala mimi simlaumu.

Basi tutazame ndani ya kasiba, maana kisa chote kimo humo. Kasiba ya bunduki ya marisau ni laini kama bomba. Ukitia humo risasi moja ya mviringo hutoka ikiyumba, na ikiisha kwenda mbali kidogo hujui itaangukia wapi. Kasiba ya bunduki ya risasi huchongwa mifuo, yaani mifereji midogo inayozunguka kama hesi za parafujo. Ufundi huo ulijulikana Ujerumani tangu yapata mwaka 1500. Risasi ikipita humo huzungushwa, na kitu kinachozunguka kwa kasi hakiyumbi upesi: kila mtoto aliyecheza pia analijua jambo hilo. Lakini tia marisau katika kasiba ya namna hiyo, nayo yatazungushwa vilevile, na yakitoka yatarushwa kando pande zote, yakaacha nafasi tupu katikati. Ndege atasalimika.

Shida ikazidi pale mafundi wa Kiingereza walipojifunza kuubana kidogo mdomo wa kasiba ili marisau yasitawanyike mno. W. R. Pape wa Newcastle aliandikisha ubunifu huo mwaka 1866, na W. W. Greener wa Birmingham akausitawisha katika miaka ya 1870. Kwa mpiga ndege hiyo ilikuwa neema. Lakini risasi nzima iliyoienea kasiba haikuweza kupita salama katika mdomo uliobanwa.

Aliyelifungua fundo hilo ni George Vincent Fosbery, ofisa wa jeshi huko Bara Hindi, aliyepata nishani ya Victoria Cross kwa ushujaa wake katika vita vya mpakani mwaka 1863. Yeye aliiacha kasiba laini karibu urefu wake wote, akachonga mifuo katika inchi mbili tatu za mwisho tu, pale pale mdomoni. Risasi nzito ilikuja kwa kasi, ikashikwa na mifuo ile, ikatoka inazunguka. Marisau nayo yalipita pale kwa muda mfupi mno, hata mifuo isipate nafasi ya kuyatawanya. Jambo lenyewe ni dogo kulieleza. Lakini mtu ambaye amezoea kuona mifuo imeanza chini na kwisha juu, si rahisi kufikiri kwamba kipande cha mwisho peke yake kingetosha.

Fosbery aliandikisha ubunifu wake mwaka 1885, na Holland & Holland wa London wakaitengeneza bunduki hiyo. Iliitwa “Paradox”, neno la asili ya Kiyunani, maana yake ni jambo linaloonekana kujipinga lenyewe, kumbe ni kweli. Nyingi zilikuwa za namba 12, yaani risasi 12 za mviringo zenye upana wa kasiba ile zina uzito wa ratili moja. Namba 10 na namba 8 zilikuwa za wanyama wakubwa. Sir Samuel Baker, yule aliyefika Ziwa Albert mwaka 1864, aliisifu katika kitabu chake cha mwaka 1890.

Hata hivyo haikuwa bunduki ya mbali. Kufikia yadi 100 ilipiga vema. Zaidi ya hapo bunduki yenye mifuo kasiba nzima iliishinda. Ulinzi wa hati ya Fosbery ulipokwisha, mafundi wengine walitengeneza za kwao, kama Westley Richards na ile yake “Explora”. Lakini mwaka 1898 John Rigby alikuwa amekwisha kutoa bunduki ya .450 yenye kutumia baruti mpya isiyo na moshi mwingi, na risasi yake ilikwenda kasi kupita kiasi cha zamani. Wawindaji wa tembo wakaigeukia hiyo. Katika misitu ya Bara Hindi, ambako chui hutokea hatua chache mbele ya mtu, Paradox iliendelea kupendwa.

Fosbery alifariki mwaka 1907. Siku hizi huko Marekani, ambako baadhi ya majimbo yana mahali ambapo kuwinda paa kwa bunduki ya mifuo kumekatazwa, wawindaji hukaza kibomba kifupi chenye mifuo mdomoni mwa bunduki ya marisau, wakatumia risasi moja. Msimu wa ndege ukifika, hukifungua na kukaza kingine kilicho laini.