Swali la Chiang Mai, Jibu la Ismani

Miaka michache iliyopita, nikiwa Thailand kikazi, nilijiandikisha darasa la mapishi la siku moja mjini Chiang Mai. Asubuhi tulipelekwa sokoni, mchana tukaketi kwenye vinu tukitwanga pilipili, mchaichai na vitunguu saumu. Mwalimu akatuzungukia na swali: kwenu mnakula nini? Nikajibu kwa kujiamini kabisa, “Ugali wa mahindi. Chakula chetu cha asili, tangu enzi za mababu.” Mwanafunzi mwenzetu kutoka Meksiko akainua kichwa: “Mahindi ni ya kwetu.” Kisha akaonyesha kinu cha mwalimu: “Na pilipili hiyo pia.”

Darasa likacheka. Nami nikacheka, lakini nilirudi na ile kauli nyumbani.

Yule jamaa alikuwa sahihi. Wareno walifika pwani yetu mwaka 1498, na mwaka 1511 mjumbe wao akafika Siam, Thailand ya leo. Katika karne ya 16, kwa njia ya merikebu, mazao ya Amerika yakaanza kuzagaa duniani: mahindi, muhogo, karanga, mapapai, pilipili. Lugha zimetunza kumbukumbu. Wathai wanakiita kiazi mviringo “man farang”, yaani kiazi cha mzungu. Sisi tunasema kiazi ulaya. Na neno “mahindi” lenyewe linatazama Hindi. Wazee walijua mgeni huyu katoka ng’ambo ya bahari, ila walikosea upande.

Sasa kama ugali wa mahindi ni mgeni, bibi yangu alikua akila nini? Nilikwenda kumuuliza shangazi yangu Ismani, kaskazini ya Iringa mjini. Baada ya “kamwene” na habari za safari, nikamwambia nataka anifundishe kusonga ugali wa bibi.

“Wa bibi yako? Huo si wa mahindi, baba.”

Akatoa unga wa ulezi. Maji yachemke kwanza, kisha unga kidogo kidogo, mwiko usipumzike. Mimi nikaumwaga kwa pupa, nikapata madonge. Ugali ukatoka wa kahawia iliyokolea, unanata, una uchachu kwa mbali. Ulezi ndio mwenyeji hasa: ulianza kulimwa katika nyanda za juu za Afrika Mashariki maelfu ya miaka iliyopita. Leo umebaki kwenye uji wa mtoto na kimea cha pombe.

“Uliondoka lini mezani?”

“Mahindi yalipoanza kuwa hela.”

Hilo lina historia, na Ismani ina kurasa zake. Katika miaka ya 1950 na 1960 wakulima walifyeka mapori hapa wakalima mahindi ya biashara, wengine kwa matrekta na vibarua. Ujamaa ulipokuja, ardhi hiyo ikawa ugomvi. Tarehe 25 Desemba 1971 Mkuu wa Mkoa wa Iringa, Dk. Wilbert Kleruu, aliuawa kwa risasi na mkulima Saidi Mwamwindi, ambaye baadaye alihukumiwa kunyongwa. Miaka iliyofuata serikali ilileta mbolea ya ruzuku, mbegu bora na bei moja ya mahindi nchi nzima, na Iringa, Mbeya, Ruvuma na Rukwa ikawa mikoa ya kulisha taifa. Sembe tunayoila bila kufikiri imepitia huko kote.

Kutoka Iringa nikapanda basi hadi Mbeya, kisha Tukuyu, ambako nilipikiwa mbalaga, ndizi za Kinyakyusa zilizopikwa na nyama. Safari hii sikuthubutu kutamka “asili”. Ndizi asili yake ni Kusini-Mashariki ya Asia, upande uleule wa Thailand, nazo zilitua Afrika karne nyingi kabla ya Mreno.

Je, basi hatuna chakula chetu? Tunacho. Mgomba ulivuka bahari, lakini namna ya kuupika Tukuyu haikuja na merikebu. Ilibuniwa na wanawake waliofundishana jikoni, na hakuna aliyeandika majina yao. Bibi yangu alikuwa mmoja wao. Alifariki nikiwa chuoni, nikisomea kuuliza watu maswali, na hili sikuwahi kumuuliza.

Shangazi alikula ugali wangu wote, madonge na yote. “Kesho unarudia,” akasema. “Na safari hii unasaga mwenyewe.”