Askofu Mkuu Luwum na Gharama ya Kusema Kweli

Mhariri wa jarida letu ameniomba niandike machache juu ya historia, somo nililolifundisha kwa miaka mingi baada ya kuondoka hapa shuleni. Nimechagua habari za Askofu Mkuu Janani Luwum wa Uganda, maana zina fundisho kwetu wahitimu na kwenu wadogo zetu mlio bado madarasani.

Kila nilipofundisha habari za Namugongo, ambako vijana watumishi wa Kabaka Mwanga walichomwa moto tarehe 3 Juni 1886, wanafunzi walielewa upesi. Vijana wale waliambiwa waziwazi waache dini yao au wafe. Habari za Luwum ziliwatatiza, kwa kuwa yeye hakuambiwa amkane Kristo. Mwaka 1977 Waanglikana wa Uganda walikuwa wakisali makanisani mwao na kujiandaa kwa sherehe za miaka 100 tangu wamisionari wao wa kwanza wafike. Alichotakiwa Luwum ni kunyamaza tu.

Alizaliwa Mucwini, kaskazini mwa Uganda, mwaka 1922. Alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, na mwaka 1948 akaokoka katika ule uamsho ulioenea Afrika Mashariki. Baadaye akawa kasisi, kisha askofu, na mwaka 1974 akawa Askofu Mkuu wa Uganda, Rwanda, Burundi na Boga-Zaire. Wakati huo Idi Amin alikuwa ametawala tangu 1971. Watu walikuwa wakikamatwa, na wengi hawakurudi tena kwao.

Usiku wa manane, tarehe 5 Februari 1977, askari waliingia nyumbani kwa Askofu Mkuu wakitafuta silaha. Walipekua kila chumba, wasipate kitu. Hapo angeweza kumshukuru Mungu kwa kupona, akafunga mlango wake. Sababu za kunyamaza zilikuwepo, wala hazikuwa za kipumbavu: alikuwa na familia, alikuwa na kundi la kulinda, na sherehe ilikuwa karibu. Hata hivyo yeye na maaskofu wenzake walimwandikia Rais barua, wakalalamikia upekuzi ule na mauaji ya raia. Barua hiyo haikuwa ya siri, maana waliiwekea majina yao.

Tarehe 16 Februari viongozi wa dini waliitwa Kampala. Mbele ya umati wa askari zilionyeshwa silaha, na Luwum akashtakiwa kula njama na Milton Obote, rais aliyepinduliwa. Maaskofu wenzake waliruhusiwa kuondoka, yeye akabakizwa. Siku iliyofuata serikali ilitangaza kwamba amekufa katika ajali ya gari pamoja na mawaziri wawili, Erinayo Oryema na Charles Oboth-Ofumbi. Mwili wake ulipelekwa Mucwini chini ya ulinzi wa askari, na waliofungua jeneza waliona majeraha ya risasi.

Huko Namirembe kaburi lilikuwa limekwisha kuchimbwa, karibu na lile la Askofu James Hannington, aliyeuawa Busoga mwaka 1885. Waumini walikusanyika na kumwombea marehemu wao kaburi likiwa tupu.

Ndugu zangu, wachache kati yetu watapelekwa mbele ya bunduki. Sisi tunajaribiwa kwa karatasi ya kutia sahihi, kwa hesabu ya kurekebishwa kidogo, kwa jirani anayeonewa sisi tukitazama pembeni. Hakuna anayetuambia tumkane Mungu. Tunaambiwa tu, “Fikiria watoto wako,” nasi twaona ni busara. Luwum naye alikuwa na watoto.

Tangu mwaka 2015, tarehe 16 Februari ni siku ya mapumziko Uganda nzima kwa kumkumbuka. Wanafunzi wetu, siku hiyo ikifika, someni habari zake. Nasi wahitimu tuwape mfano wa kuufuata.