Okidi za mwitu za Fizi

Okidi za Fizi ni maua ya mwitu ya jamii ya Orchidaceae katika eneo la Fizi, Kivu ya Kusini, kati ya ufuko wa Ziwa Tanganyika (takriban mita 770 juu ya usawa wa bahari) na milima ya Itombwe inayopita mita 3,000. Tofauti hiyo ya kimo huzipa makazi ya kila namna.

Misituni, nyingi hukaa juu ya miti bila kuinyonya. Mti ni kiti tu. Mizizi huning'inia hewani, imevikwa ganda jeupe kama sifongo. Mvua ikinyesha, ganda hunywa maji na mzizi hugeuka kijani ukiwa unautazama: jambo zuri sana kuliona. Okidi za jenasi Polystachya huweka akiba ya maji katika mashina yaliyovimba. Aerangis, yenye maua meupe, hunukia usiku na kuficha nekta ndani ya mrija mwembamba, inakofikiwa na nondo wenye ulimi mrefu.

Kwenye nyasi za nyanda za juu, okidi za jenasi Disa na Satyrium hubaki ardhini kama viazi wakati wa kiangazi. Moto hupita juu yake, nazo huchipua mvua zikirudi. Katanga na Zambia viazi hivyo huliwa, chakula kinachotengenezwa navyo kikiitwa chikanda, na uchimbaji umepita kiasi.

Mbegu za okidi ni vumbi tupu lisilo na akiba ya chakula. Porini haziwezi kuota bila kuvu. Kwa hiyo msitu ukifyekwa, kupanda miti upya hakutoshi kurudisha okidi: kuvu pia lazima iwepo. Ili kulinda misitu ya milima hiyo, Hifadhi ya Itombwe ilitangazwa mwaka 2006.