Kukabili wasiwasi kwa kukubali kutojua

Kukubali kutojua ni njia ya kukabili wasiwasi ambapo mtu huacha kudai uhakika wa jambo lisiloweza kuhakikishwa, akaendelea na shughuli zake ilhali swali halijajibiwa. Msingi wake ni kwamba kinachomtesa mwenye wasiwasi, mara nyingi, si tukio lenyewe bali kutojua kama litatokea. Katika utafiti wa University College London uliochapishwa mwaka 2016, washiriki walikuwa na msongo mkubwa zaidi pale uwezekano wa kupigwa shoti ya umeme ulipokuwa nusu kwa nusu kuliko pale walipojua kwa hakika kwamba wangepigwa. Tangu miaka ya 1990 wanasaikolojia wa Chuo Kikuu cha Laval nchini Kanada, wakiwemo Michel Dugas, Mark Freeston na Robert Ladouceur, waliichukua hali ya kushindwa kuvumilia kutojua kuwa kiini cha wasiwasi wa kudumu, wakaitungia kipimo na tiba.

Kata ya Katumba Songwe, wilayani Kyela, ni mahali ambapo ugumu wa kuishi na kutojua huonekana waziwazi. Makubaliano ya Waingereza na Wajerumani ya mwaka 1890 yaliufanya Mto Songwe kuwa mpaka, na leo ndio unaotenganisha Tanzania na Malawi. Lakini karibu na Ziwa Nyasa mto huo hupita kwenye tambarare laini na huhama njia, hivyo shamba linaweza kujikuta ng'ambo ya pili. Mvua za Kyela ni nyingi, na mafuriko huja hasa kati ya Machi na Mei. Mamlaka ya Hali ya Hewa hutoa utabiri wa msimu, mathalani mvua za wastani hadi juu ya wastani, ila hakuna utabiri unaotaja jaruba la nani litazama.

Mkulima mwenye wasiwasi, mpunga wake ukiwa bado shambani mwezi wa Aprili, hutoka na tochi saa nane usiku kutazama maji. Hurudi, usingizi haumjii, hutoka tena. Humpigia ndugu aliyeko Ileje, upande wa juu wa mto, kuuliza kama huko kumenyesha. Simu ya kwanza ni ya kutafuta habari. Ya tano ni ya kutafuta ahueni, na ahueni hiyo haifiki asubuhi. Kila anapoipata, huzidi kuamini kwamba bila kuulizia hawezi kulala.

Tiba huanza kwa kutenganisha tatizo lililopo na lile la "je, ikiwa". Mfereji ulioziba huzibuliwa; mafuriko ya wiki ijayo hayana wa kuyazibua. Kisha mtu hufanya majaribio madogo: anatazama mto mara moja jioni, anataja anachohofia, halafu harudi tena usiku huo. Lengo si kuthibitisha kwamba maji hayatakuja, maana yanaweza kuja. Lengo ni agundue kwamba usiku wa kutojua unavumilika, na hilo hujifunzwa kwa kurudiarudia, si kwa mawaidha.

Kukubali huku hakuondoi tahadhari. Familia yenye mpunga bondeni, na kakao na migomba mahali palipoinuka, haikupata uhakika wowote. Imejipanga kuishi bila huo uhakika. Vivyo hivyo Tanzania na Malawi, zilizosaini mwaka 2017 mkataba wa kamisheni ya pamoja ya bonde la Songwe, zina mpango wa mabwawa ya kupunguza mafuriko. Kusema "shauri ya Mungu" baada ya kuhamisha magunia ni kukubali. Kusema hivyo badala ya kuyahamisha ni kukwepa, hata kama maneno ni yaleyale.

Njia hii haitoshi kwa kila mtu. Wasiwasi unaodumu miezi sita au zaidi, ukaharibu usingizi, kazi na mahusiano, unahitaji mtaalamu, na wakati mwingine dawa. Mapigo ya moyo kwenda mbio na mikono kutetemeka huweza pia kutokana na tezi ya shingo, hivyo uchunguzi wa mwili hutangulia. Kutoka Kyela, mgonjwa anayehitaji huduma ya juu zaidi ya afya ya akili anaweza kupelekwa Hospitali ya Rufaa ya Kanda Mbeya.