Haoni vizuri? Mambo ya kujua ukiwa Rujewa kabla ya kambi ya macho

Gari la matangazo likipita Rujewa na spika juu, "upimaji wa macho bure", watu wanamchukua bibi au babu na kwenda kupanga foleni. Safi. Ila kambi inakaa siku chache tu, kisha wataalamu wanaondoka. Kwa hiyo usitoke pale bila jibu la swali moja: tatizo lake linaitwaje?

Likiwa ni mtoto wa jicho, hiyo ni habari njema. Lenzi ya ndani ya jicho imeingia ukungu, na hakuna matone yanayoondoa huo ukungu. Dawa yake ni upasuaji: lenzi ya zamani inatolewa, inawekwa ya bandia, mara nyingi kwa ganzi ya jicho tu na chini ya saa moja. Mzee anayekaa uani miaka mitatu kwa sababu nyumbani walishasema "amepofuka", huenda anasubiri hilo tu. Na yale maneno ya kusubiri "likomae kwanza" yamepitwa na wakati.

Presha ya macho ni kinyume kabisa. Inaharibu mshipa wa fahamu wa jicho polepole, mara nyingi bila maumivu, na uoni unaanza kupungua pembeni. Kilichopotea hakirudi. Matone yanalinda kilichobaki, hivyo chupa ikiisha usingoje kambi ijayo, nenda hospitali. Kama mzazi au ndugu yako anayo, na wewe kapime.

Kuna mawili yasiyosubiri kambi hata siku moja. La kwanza ni mtoto mdogo mwenye mboni nyeupe, hata kama umeiona kwenye picha ya simu tu. Inaweza kuwa mtoto wa jicho (ndiyo, watoto nao wanaupata) au saratani ya jicho. Anza Hospitali ya Wilaya ya Mbarali, uulize rufaa ya Mbeya. La pili tunalijua sisi wa Usangu: jani la mpunga au pumba kuchoma jicho wakati wa mavuno. Kidonda chake kinaweza kuua jicho, na majimaji ya majani ya kienyeji yanazidisha.

Na ambaye uoni haurudi? Mtoto asibaki nyumbani. Shule ya Buigiri, Dodoma, inafundisha wasioona tangu 1950, na kwa maandishi ya nukta nundu wanasoma mpaka chuo kikuu. Ofisi ya elimu ya wilaya ndiyo mahali pa kuulizia nafasi.

Oktoba ndiyo mwezi wa kukaa macho na matangazo: Siku ya Macho Duniani ni Alhamisi ya pili, na Siku ya Fimbo Nyeupe, iliyoanzia Marekani mwaka 1964, ni tarehe 15. Bodaboda, ukiona fimbo hiyo barabarani, simama. Honi haimwambii mtu apite wapi.

Kwa mtu mzima kuna mkopo wa halmashauri usio na riba. Katika ile asilimia 10 ya mapato ya ndani, 2 ni ya watu wenye ulemavu. Ulisimamishwa 2023, ukarudi 2024. Mlango wa kuanzia ni kwa afisa maendeleo ya jamii wa kata yako.