Rehani inayoshikwa na rehani ya karatasi

Rehani ni neno tulilopata kwa Waarabu, na kwa asili yake ni mali inayoshikwa. Mkopeshaji anakabidhiwa kitu, mkufu au shamba la minazi, anakaa nacho mpaka deni lilipwe, kisha mwenyewe anakikomboa. Kifaransa kinatenganisha. Kinachoshikwa mkononi ni gage. Nyumba iliyofungwa kwa deni huku mwenyewe akiendelea kulala ndani ni hypothèque, na hilo ndilo neno utakalolikuta katika sheria na mabenki ya Kongo. Kiswahili kimeyaweka yote mawili chini ya rehani. Katika maongezi hakuna ubaya. Lakini ukitaka kueleza ulaghai, tofauti hiyo haikwepeki: katika aina ya pili nyumba haiendi popote, inayosafiri ni karatasi.

Marekani, kabla benki ya Lehman Brothers haijaanguka Septemba 2008, karatasi ilidanganya kuhusu mapato. Mtu asiye na kazi ya kueleweka aliandikiwa mshahara mnono, mara nyingi na dalali aliyelipwa kwa kila mkopo aliouleta. Mthamini alipandisha bei ya nyumba. Benki haikuuliza sana, kwa kuwa deni lenyewe ilikuwa inaliuza kwa wawekezaji. FBI ilikwisha kuonya hadharani mwaka 2004 kwamba mchezo huo unaenea. Kuita jambo hili “ulaghai wa rehani” ni sawa, ingawa msomaji asiye makini atadhani tapeli ni mkopaji, wakati fomu nyingi zilijazwa na waliokaa upande wa pili wa meza. Vyovyote iwavyo, nyumba ilikuwapo, na kwa kawaida ilijulikana ni ya nani.

Peleka istilahi hiyo Kisangani, huko Kongo, uone inavyoyumba. Mkopo wa benki wa kujengea ni wa wachache mno. Wakazi wa mitaa kama Mangobo au Kabondo hujenga kidogo kidogo, kwa akiba na kwa likelemba, yaani mchango wa zamu, msimu huu msingi, msimu ujao mabati. Hakuna mshahara wa kudanganyia. Uongo huingia kwenye swali la mwanzo kabisa: lopango hii, yaani kiwanja hiki, ni ya nani?

Sheria ya tarehe 20 Julai 1973 iliifanya ardhi yote ya nchi kuwa mali ya serikali. Raia hupewa haki ya kuitumia, na haki hiyo kisheria huthibitishwa na hati moja tu, certificat d’enregistrement, inayotolewa na mhifadhi wa hati za ardhi. Wengi hawana. Wana fishi ya kiwanja kutoka komini, au karatasi ya mauzo iliyosainiwa mbele ya mashahidi. Ndiyo maana kiwanja kimoja kinaweza kuwa na karatasi tatu, kila moja na muhuri wake, na wanunuzi watatu walioamini.

Halafu kuna kifungu cha sheria hiyo ambacho watu hukijua wakiwa wamechelewa. Hati hiyo ikishatolewa kwa mtu mwingine kwa udanganyifu, aliyenyang’anywa ana miaka 2 ya kudai arudishiwe mali. Ikipita, kinachobaki ni kudai fidia. Nia ilikuwa njema: bila hati isiyotikisika, nani atakopesha? Ila fikiria Kisangani, mji ambao, kuanzia tarehe 5 hadi 10 Juni 2000, majeshi ya Rwanda na Uganda yalipigana katikati ya mitaa yake. Umoja wa Mataifa ulihesabu raia zaidi ya 760 waliokufa, na maelfu ya nyumba ziliharibiwa. Mwaka 2022 Mahakama ya Kimataifa ya Haki iliiamuru Uganda kuilipa Kongo dola milioni 325 kwa makosa yake katika vita vya miaka ile nchini humo, 40 kati ya hizo zikiwa za mali iliyoharibiwa. Aliyekimbia mapigano akakaa ugenini miaka mitatu hana jinsi ya kuilinda hati yake. Wakongo huuita unyang’anyi wa namna hii spoliation, na neno hilo liko midomoni mwa watu zaidi kuliko hypothèque yenyewe.

Uhaba wa nyumba Kisangani nao unasukumwa na mambo hayohayo, mapigano na hati zisizoaminika. Mwaka 2023 mgogoro wa ardhi kati ya jamii za Wambole na Walengola, ulioanzia upande wa komini ya Lubunga, ulileta wakimbizi mjini. Anayekuja anahitaji chumba, na mwenye nyumba anataka garanti ya miezi kadhaa mkononi. Mwenye pesa za kujenga anasita kuzika fedha kwenye kiwanja ambacho kesho kinaweza kudaiwa na mwingine.

Asiye na garanti huenda Banque Lambert. Si benki, ndilo jina la Wakongo kwa mkopeshaji wa mtaani, ambaye riba yake kwa mwezi inaweza kukaribia nusu ya mkopo. Anachukua karatasi za lopango, na wapo wanaomtaka mkopaji asaini kwamba ameuza. Kwa mkataba wa aina hii pwani ya Waswahili ina neno lake, na ni bora kuliko rehani: bei ya khiyari. Katika Unguja ya karne ya 19, mwenye shamba alimuuzia mkopeshaji shamba kwa maandishi, akabaki na hiari ya kurudisha fedha na kulichukua tena. Riba ilijificha ndani ya mauzo. Akishindwa, shamba limekwenda.

Sheria ya jinai ya Kongo ina kosa liitwalo stellionat: kuuza au kuweka rehani mali isiyo yako, kifungo chake kikiwa miezi 3 hadi miaka 5. Kwa hilo ningependekeza “rehani ya mali ya mwingine”, refu lakini halidanganyi. “Ulaghai wa rehani” libaki kwa kumdanganya mkopeshaji, na karatasi ya Banque Lambert iitwe bei ya khiyari.

Nawe ukienda kukopa, soma kichwa cha karatasi kabla ya kiasi. Kama kimeandikwa vente, yaani mauzo, usisaini.