Linux Iko Tayari, Fundi Je?

Chukulia una steshenari ndogo pale Zombo, kwenye barabara ya kutoka Mikumi kwenda Kilosa. Una kompyuta moja ya mtumba, printa moja, na wateja wanaotaka CV, barua na maombi ya mkopo wa HESLB. Kompyuta ikigoma, unampelekea fundi "apige Windows". Hakuna anayekuuliza kama ungependa mfumo mwingine. Kila mwaka wapenzi wa teknolojia wanabishana kama Linux iko tayari kwa mtumiaji wa kawaida. Wewe wa Zombo ubishi huo unakuhusu nini?

Turudi nyuma kidogo. Mwaka 1991 Linus Torvalds, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Helsinki, alianza kuandika kiini cha mfumo endeshi. Baadaye akakiweka chini ya leseni inayomruhusu yeyote kukitumia, kukinakili na kukibadilisha. Kubadilisha ni pamoja na kutafsiri, na hapo ndipo Tanzania inapoingia.

Mwanzoni mwa miaka ya 2000, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilishirikiana na kampuni ya Sweden, IT+46, kwa ufadhili wa Sida, katika mradi ulioitwa Kilinux. Desemba 2004 ikatoka Jambo OpenOffice: programu huria ya kuandikia barua na kutengenezea lahajedwali, menyu zote kwa Kiswahili. Mwaka huohuo Microsoft nayo ilitangaza mpango wa kutia Kiswahili kwenye programu zake. Oktoba 2004 Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini akazindua Ubuntu, na CD zake zilitumwa bure kwa aliyeomba.

Yaani zaidi ya miaka 20 iliyopita lugha ilikuwepo na bei ilikuwa sifuri. Mbona bado fundi wako anapiga Windows?

Kwa maoni yangu, ni kwa sababu watu wengi hawachagui mfumo endeshi, wanaukuta. Kompyuta inakuja na Windows, darasani tunafundishwa Word na Excel, na jirani anayejua kurekebisha anajua hiyohiyo. Ushahidi uko mfukoni mwako. Simu ya kwanza ya Android iliingia sokoni mwaka 2008, na Android inaendeshwa na kiini cha Linux. Hakuna aliyekuuliza kama uko tayari nayo. Uliikuta ndani ya simu, ukaizoea, na simu ikisumbua fundi yupo.

Sasa suala hili limerudi kwa nguvu. Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft ilikomesha huduma ya kawaida ya Windows 10. Windows 11 nayo ina masharti ya vifaa ambayo kompyuta nyingi za zamani hazitimizi. Mwenye mashine ya hivyo, akitaka kuendelea kupata masahihisho ya usalama kwa muda mrefu, anunue nyingine au ajaribu Linux.

Kujaribu si kazi kubwa. Unaweza kuiwasha kutoka kwenye flashi bila kugusa kilichomo kwenye diski. Fungua tovuti ya HESLB, angalia matokeo ya NECTA, chapisha ukurasa mmoja. Kazi za kwenye kivinjari kwa kawaida hazisumbui. Ila tusidanganyane: faili la Word likifunguliwa kwenye LibreOffice mpangilio unaweza kuhama, baadhi ya printa zinagoma, na kama unatengeneza kadi za harusi kwa Photoshop, hiyo haina toleo la Linux.

Kabla ya kuhama, basi, muulize fundi wako: nikikwama saa nne asubuhi wateja wamepanga foleni, utaweza kunisaidia? Akijibu hapana, Linux bado haijawa tayari kwako, hata kama sisi wa vyuoni tunaitumia kila siku. Ndiyo maana nadhani pesa na muda ulioenda kwenye kutafsiri menyu sasa uende kwa mafundi wa Mikumi na Kilosa.